Edward Saidi Tingatinga: Mchoraji wa Chini ya Mbuyu

Neno tingatinga likitajwa Kibera, watu hutazama nyumba zao. Ni mashine iliyobomoa makazi na shule Julai 2018 ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata. Wazee wa siasa hukumbuka pia trekta, alama ya chama cha NDP katika uchaguzi wa 1997, iliyompa Raila Odinga lakabu ya Tinga. Ajabu ni kwamba hata sisi wanafunzi wa Kiswahili hapa Nairobi husahau kuwa neno hilo ni jina la mtu aliyeishi, akachora, akafa kifo kibaya.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika, katika jamii ya wakulima. Shule aliisoma kwa miaka michache tu. Katika miaka ya 1950 aliondoka kwao kutafuta kazi, akafika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha Dar es Salaam, alikokuwa mtumishi wa nyumbani wa afisa Mwingereza. Baadaye aliishi kwa vibarua.

Mnamo 1968 hivi alianza kuchora. Inasimuliwa kuwa alivutiwa na wachoraji kutoka Kongo waliouza picha zao mjini. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alinunua hadibodi, akaikata vipande vya mraba vya takriban sentimita 60, akatumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Rangi ya jamii moja na ile ya mabango ya vinyozi na vibanda vya Kawangware. Chui, ndege na tembo wake walijaza kibao kizima, mandhari nyuma yao ikiwa rangi moja tu.

Wahakiki wengi humwita msanii asiye na mafunzo. Naona kauli hiyo haitoshi. Ni kweli, Sam Ntiro, Mtanzania mwenzake, alipitia Makerere na Slade, London, naye Tingatinga hakuona darasa la sanaa. Lakini safari ilimfunza, na kile alichojifunza hakukificha. Karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay, alikaa nje chini ya mbuyu akichora mbele ya wapita njia, na kando yake wakaketi jamaa na marafiki: Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia na Kasper Tedo. Walitazama mkono wake, wakaiga, kisha kila mmoja akatafuta mnyama wake. Kama hiyo si shule, basi itatubidi tuufute pia ushairi wetu uliofundishwa barazani.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku wakidhani ni mhalifu. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, na alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Wenzake waliendelea pale pale, na mwaka 1990 kikaundwa chama cha ushirika kilichobeba jina lake. Mpata alivuka mpaka, akachora na kuuza picha Nairobi; leo jina lake liko kwenye hoteli ya kitalii ya Maasai Mara. Huku Kibera, mwanzoni mwa karne hii, waandishi wawili wa mabango walianzisha kundi la wasanii la Maasai Mbili, nao pia wakichorea nje, kando ya njia.