Michael West

Michael Philip West (1888 – 1973) alikuwa mwalimu na mtaalamu wa ufundishaji wa lugha kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa orodha ya maneno takriban 2,000 ya Kiingereza yanayomfaa zaidi mwanafunzi, iliyochapishwa mwaka 1953.

Kazi yake Bengal

Baada ya masomo yake Oxford, West alijiunga na idara ya elimu ya serikali ya kikoloni nchini Uhindi mwaka 1912. Alifanya kazi Bengal, akawa mkuu wa chuo cha ualimu mjini Dacca (leo Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh).

Huko aliona jambo ambalo mitaala ya wakati ule haikulijali: watoto wengi waliacha shule mapema. Kozi ya Kiingereza ilipangwa kana kwamba kila mtoto angefika darasa la mwisho, na faida yake ilionekana huko mwishoni tu. Aliyetoka katikati aliondoka mikono mitupu. West alilinganisha jambo hili na bima ya maisha. Mtu akivunja mkataba wa bima kabla ya muda wake hurudishiwa kiasi fulani cha fedha; je, mtoto anayeacha shule baada ya miaka miwili au mitatu anarudishiwa nini?

Jibu lake lilikuwa kusoma. Wabengali wengi hawakuwa na Mwingereza wa kuzungumza naye, lakini walihitaji elimu iliyokuwa katika vitabu vya Kiingereza na ambayo haikupatikana kwa lugha yao. Tatizo lilikuwa vitabu vya shule vyenyewe. Alipovichunguza alikuta maneno mapya yamerundikana katika kila ukurasa, mengi yakiwa adimu, na neno likishatajwa halirudi tena. Basi alianza kuandika upya hadithi: neno adimu likaondolewa na la kawaida likawekwa mahali pake, maneno mapya yakaingizwa machache machache, na kila moja likarudiwa mara kadhaa. Matokeo ya majaribio yake aliyaeleza katika kitabu *Bilingualism* (1926). Baadaye kampuni ya Longmans ilichapisha mfululizo wake wa vitabu vya kusoma, *New Method Readers*.

Orodha ya maneno

West hakuwa wa kwanza kuhesabu maneno. Edward Thorndike wa Marekani alikuwa ametoa orodha ya maneno 10,000 mwaka 1921. Naye Harold Palmer, aliyefanya kazi Japani, alikuwa na orodha zake, ingawa yeye alitaka mwanafunzi aanze kwa kusikia na kusema. Mwaka 1934 wataalamu hao walikutana New York kwa msaada wa Shirika la Carnegie, na ripoti yao ikatoka mwaka 1936. Orodha ya 1953, *A General Service List of English Words*, ilitokana na ripoti hiyo.

Ubora wake ni kwamba haihesabu maneno tu, bali pia maana zake. Neno moja lenye maana sita huonyeshwa kila maana inatumika kwa asilimia ngapi, hivyo mwalimu hujua ipi ianze na ipi isubiri. Tena West hakuwa mtumwa wa hesabu. Neno lisilotumika sana aliliweka ikiwa lilikuwa rahisi kujifunza au halina mbadala, na lile ambalo kazi yake ingeweza kufanywa na neno jingine aliliacha.

Pamoja na J. G. Endicott alitoa pia kamusi mwaka 1935, ambayo ilifafanua maneno yote kwa kutumia maneno 1,490 tu. Kamusi kubwa ya Longman ya mwaka 1978 ilifuata njia hiyohiyo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1960 alichapisha *Teaching English in Difficult Circumstances*, kitabu kinachozungumzia madarasa yenye wanafunzi wengi kupita kiasi na vifaa haba. Walimu wengi wa Afrika wangeitambua hali hiyo mara moja.

Orodha yake imelaumiwa kwa kuzeeka, kwani ilitokana na maandishi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Neno kompyuta, kwa mfano, halimo. Mwaka 2013, miaka 60 baada ya kutoka kwake, watafiti walitoa orodha mpya zilizohesabiwa kwa kompyuta na kuzipa jina lilelile alilolitumia West, wakiongeza tu neno la kuonyesha kuwa ni mpya.