Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na Mtoto wa Mkimbizi Darasani

Sisi waamini wa Kasulu na Kibondo, tunaoishi jirani na wakimbizi, tunayo sababu ya pekee ya kumkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere: alikuwa mwalimu aliyewapokea wageni.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akakua akisema Kizanaki. Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, Musoma, ambako lugha ya darasani haikuwa ile ya nyumbani. Alisoma Tabora na Makerere, akabatizwa Desemba 1943, akafundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, akaonja mwenyewe hali ya mwanafunzi ugenini. Aliporudi alifundisha Pugu hadi mwaka 1955, siasa ilipomwondoa darasani.

Warundi walipokimbia mauaji ya mwaka 1972, serikali yake iliwapa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Watoto wao walisoma kwa mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili. Ukarimu huo haukukosa kasoro, kwa maana makazi yale yalikuwa ya pembeni, na kutoka kulihitaji kibali. Hata hivyo, mtoto aliyesoma humo aliweza kuendelea na masomo nchini. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na mwaka 2014 wakimbizi wale na wazao wao, zaidi ya 160,000, walipewa uraia.

Kwetu mambo yamekwenda njia nyingine. Katika kambi za Nyarugusu, Kasulu, na Nduta, Kibondo, watoto wamekuwa wakisoma kwa mitaala ya Burundi na Kongo, ili wakirudi kwao wasipotee. Nia hiyo ni njema, lakini mtoto aliyezaliwa hapa, ambaye kurejea kwake kumechelewa mwaka hadi mwaka, hubaki na cheti kisichomfungulia shule ya jirani. Tena Muha na Mrundi huelewana kwa lugha za mama zao. Kinachowatenga watoto wao ni ubao wa darasani.

Sera si kazi ya parokia, lakini kufundisha Kiswahili, kutafuta daftari na kumkaribisha mtoto wa mkimbizi katika katekesi na kwaya ni kazi yetu. Familia Takatifu nayo ilikimbilia Misri. Tumwombe Mungu atujalie moyo wa ualimu aliokuwa nao Mtumishi wake.