MICHAEL FARADAY, MWANA WA MHUNZI

Sisi watu wa Karagwe na Kyerwa hatuhitaji kufundishwa heshima ya mhunzi. Mapokeo ya wazee humsifu Omukama Ndagara, baba yake Rumanyika, kwa ustadi wa kufua chuma. Basi haitatushangaza kusikia kwamba mtu aliyevumbua mota ya umeme alikuwa mwana wa mhunzi. Jina lake ni Michael Faraday.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, karibu na London, Uingereza. Baba yake aliugua mara kwa mara, na kazi ilipopungua njaa iliingia nyumbani. Michael alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu, kisha shule ikakoma. Alipotimiza miaka 13 alikuwa mtoto wa kutumwa katika duka la vitabu. Mwaka uliofuata akaanza kufundishwa kazi ya kujalidi, kwa muda wa miaka 7.

Wengi hujalidi vitabu bila kuvifungua. Faraday alivisoma. Humo ndimo alimokutana na habari za umeme, akaanza kufanya majaribio kwa senti chache alizopata. Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tikiti za kumsikiliza Humphry Davy, bingwa wa kemia. Kijana akaandika aliyoyasikia, akayajalidi kuwa kitabu, akampelekea Davy. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wake katika Royal Institution.

Mwaka 1820 Oersted wa Denmark alionyesha kwamba waya wenye umeme hugeuza sindano ya dira. Septemba 1821 Faraday alisimamisha sumaku ndani ya zebaki, akaning'iniza waya juu yake, akapitisha umeme wa betri. Waya ukaizunguka sumaku bila kukoma. Hiyo ndiyo mota ya kwanza.

Lakini furaha haikudumu. Wakubwa fulani walinong'ona kwamba amechukua wazo la mtaalamu Wollaston bila kumtaja. Kwa mtu asiye na mali wala shahada, jina jema ndilo lililokuwa akiba yake yote. Hakukata tamaa, aliendelea na kazi. Mwaka 1824 akachaguliwa katika Royal Society, ingawa Davy mwenyewe alipinga. Na tarehe 29 Agosti, 1831, alitambua kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya, nayo ndiyo asili ya jenereta.

Leo wajukuu wa mota ile wamejaa hata katika magari yapitayo barabara zetu kwenda Kayanga na Murongo. Nyuma ya dashibodi mna mota ndogo inayogeuza kilango cha hewa, ili dereva apate baridi au joto. Katika mota nyingi za namna hiyo, umeme ukigeuzwa njia, mota nayo hugeuka upande wa pili; ndivyo kilango kifungwavyo na kufunguliwa. Ikisikika tak-tak na hewa haibadiliki, mara nyingi mota ni nzima, ila gia yake ya plastiki imevunjika meno. Ikiwa kimya kabisa, hutazamwa kwanza fyuzi, kisha waya na viungo vyake, na mwisho mota yenyewe. Mwenye kuitengeneza nyumbani hana budi kwanza kuzima gari, kuchomoa waya wa betri, na kukumbuka mahali pa kila skrubu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chombo hiki kweli kimo mvunguni! Anayekitupa kabla ya kukichunguza hutupa fedha yake.

Faraday alikataa cheo cha kuitwa Sir, akapenda kubaki mtu wa kawaida. Aliwafundisha watoto sayansi wakati wa Krismasi. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861, mzee huyu alikuwa hai bado, ingawa kumbukumbu yake ilikuwa imedhoofika. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1867.

Ewe mwanafunzi, hesabu zilimshinda Faraday maisha yake yote, wala hakuona haya. Aliyatumia macho, mikono na daftari. Hivyo vitatu unavyo.