WILLIAM HARVEY, TABIBU ALIYEIPIGIA DAMU HESABU

Siku hizi hata mtoto wa shule ya msingi aweza kukuambia ya kuwa damu huzunguka mwilini. Jambo hili lililo jepesi kwetu lilikuwa geni kwa matabibu wakubwa wa Ulaya, na mtu aliyelithibitisha alipoteza wagonjwa wengi na kudhaniwa kuwa amerukwa na akili. Jina lake ni William Harvey.

Harvey alizaliwa tarehe 1 Aprili 1578 katika mji wa Folkestone, pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza, naye alikuwa mkubwa wa ndugu saba wa kiume. Wengi wa ndugu zake walishika biashara, lakini yeye alipenda elimu. Alisoma shule huko Canterbury, na mwaka 1593 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Baada ya kupata shahada yake mwaka 1597 alisafiri mpaka Padua, Italia, ambako mafundisho ya utabibu yalisifiwa kuliko kwingine Ulaya. Mwalimu wake, Fabricius, aliwaonyesha wanafunzi vilango vidogo vilivyomo ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Fabricius alidhani kazi ya vilango hivyo ni kuzuia damu isijae upesi mno miguuni na mikononi. Harvey aliviona, akaviweka moyoni.

Mwaka 1602 alipewa shahada ya udaktari, akarudi London. Mwaka 1604 alimwoa Elizabeth Browne, binti wa tabibu, lakini hawakujaliwa watoto. Mwaka 1609 akawa tabibu wa hospitali ya Mtakatifu Bartholomew, na mwaka 1618 akawa mmoja wa matabibu wa Mfalme James wa Kwanza.

Zamani hizo matabibu walifuata mafundisho ya Galen, Mgiriki wa karne ya pili. Galen alifundisha ya kuwa chakula hugeuka damu katika ini, na damu hiyo huenda mwilini ikatumika yote, kama maji yanavyonywewa na udongo wa shamba. Sehemu ya damu, alisema, hupenya katika matundu madogo ya ukuta ugawao moyo. Katika karne ya 13 tabibu Mwarabu, Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Cairo, aliandika ya kuwa ukuta ule hauna matundu, na kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, kisha huingia upande wa kushoto. Lakini mzunguko wa mwili mzima ulikuwa bado kuelezwa.

Harvey hakutosheka na vitabu. Alipasua wanyama wa aina nyingi ili auone moyo ukifanya kazi. Moyo wa mbwa hupiga upesi hata macho yakashindwa kuufuata. Basi akatazama nyoka, vyura na samaki, ambao moyo wao huenda polepole. Alibana vena inayoingia katika moyo wa nyoka: moyo ukanywea, ukawa mweupe. Akauachia, kisha akabana ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni: moyo ukavimba, ukawa mwekundu wa giza. Hapo alijua damu huingia wapi na hutokea wapi.

Katika samaki alikuta moyo wenye chumba kimoja tu cha kusukumia damu, na tena samaki hana mapafu. Leo twajua sababu yake. Damu ya samaki hutoka moyoni, hupita katika matamvua ikapata oksijeni, na kutoka hapo huenda moja kwa moja mwilini, ndipo irudi moyoni. Katika safari nzima hupita moyoni mara moja tu. Huu ndio mzunguko mmoja. Kwa kuwa vishipa vya matamvua ni vyembamba sana, damu hutoka humo ikiwa imepunguza nguvu.

Kwa binadamu, wanyama wanyonyeshao na ndege, mzunguko ni wa namna mbili. Upande wa kulia wa moyo husukuma damu mapafuni. Damu hurudi upande wa kushoto ikiwa na oksijeni, ikasukumwa tena kwa nguvu mpya mwilini kote. Hivyo katika safari moja damu hupita moyoni mara mbili. Chura yu katikati: ana mizunguko miwili, lakini chumba cha kusukumia ni kimoja, na damu za pande mbili huweza kuchanganyika.

Lakini silaha kubwa ya Harvey ilikuwa hesabu. Tuseme kila pigo la moyo hutoa nusu wakia ya damu, na kwa nusu saa moyo hupiga mara 1,000. Hizo ni wakia 500, yaani zaidi ya kilo 14, tena kwa nusu saa tu! Hapana mtu alaye chakula cha kutengeneza damu kiasi hicho, wala hapana mwili uwezao kuitumia yote. Basi lazima damu ni ile ile, inayozunguka. Kipimo chake kilikuwa kidogo kuliko kweli: moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kiasi cha lita 5 kwa dakika, karibu sawa na damu yote aliyo nayo.

Kisha alifunga mkono wa mtu kwa kitambaa mpaka vena zikatokeza. Alipoisukuma damu kwa kidole kuelekea vidoleni, ilikataa. Kuelekea moyoni, ilikwenda bila shida. Vile vilango vya Padua vikapata maana yake: ni milango ya njia moja.

Mwaka 1628 alitoa kitabu chake kwa Kilatini, huko Frankfurt, chenye kurasa 72 tu. Wengi walikikataa, na wagonjwa wakamkimbia. Jean Riolan wa Paris alimpinga, na Harvey akamjibu kwa maandishi mwaka 1649. Mnamo mwaka 1642, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba yake ilivunjwa na maandishi yake ya miaka mingi yakapotea. Hasara hiyo ilimhuzunisha sana. Hata hivyo aliendelea na kazi, akaishi mpaka kuona matabibu wengi wakimkubali. Mwaka 1654 wenzake wa Chuo cha Matabibu cha London walimchagua kuwa rais wao, akakataa kwa sababu ya uzee. Alifariki tarehe 3 Juni 1657.

Jambo moja hakuliona: damu hupitaje kutoka ateri kuingia vena? Alisema lazima njia ipo, lakini macho hayakuweza kuifikia. Mwaka 1661, miaka minne baada ya kifo chake, Marcello Malpighi wa Italia alitazama pafu la chura kwa hadubini, akaviona vishipa vile vyembamba tuviitavyo kapilari. Hesabu ya Harvey ilikuwa imetangulia, macho yakafuata.