Padre Horner na Bustani Iliyopokea Wageni



Jina la Padre Antoine Horner wengi tumelikuta kwenye historia ya Kanisa letu: Mmisionari wa Roho Mtakatifu, mwanzilishi wa misheni ya Bagamoyo. Tukishasema hivyo tunafunga daftari. Bustani yake hatuitaji, na kwangu mimi ndiyo inayomweleza vizuri zaidi.

Alizaliwa Alsace, Ufaransa, mwaka 1827. Kabla ya kuja kwetu alihudumia wagonjwa wa ukoma kisiwani Réunion. Mwaka 1863 akafika Zanzibar kupokea kazi iliyoanzishwa na Padre Fava mwaka 1860. Soko la watumwa bado lilikuwa wazi. Wamisionari walikwenda pale kuwakomboa watoto kwa fedha, na hapo ndipo hesabu ngumu ilipoanza, maana mtoto aliyekombolewa leo, kesho asubuhi anataka uji. Kisiwani nafasi ilikuwa finyu. Basi mwaka 1868, kwa ruhusa ya Sultani Majid, Horner akavuka bahari hadi Bagamoyo.

Pale palikuwa na kichaka tu. Wakafyeka, wakalima. Ikaota minazi, miembe, muhogo, mboga, hata vanila. Siku iligawanywa kati ya sala, darasa na jembe. Ilipofika Aprili 1872, tufani kubwa ikapiga pwani na kuangusha karibu kila kitu. Wakaanza upya. (Sisi mvua ikichelewa wiki mbili tu tunataka kuacha kilimo!)

Sasa, Bagamoyo ndiyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa njia ya misafara ya bara, kwa hiyo wageni hawakukosekana. Stanley alikaribishwa hapo mwaka 1871. Mwaka 1873 akaja Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza katika suala la utumwa. Alikuwa Mwanglikana, lakini alivutiwa kiasi cha kupendekeza misheni nyingine ziige mfano huo. Februari 1874 ukafika mwili wa Livingstone, nao ukapokelewa misheni. Mgeni alitembezwa shambani akaona chakula kinaota na watoto wako hai. Horner hakuhitaji maneno mengi.

Ila tusimame hapa kidogo. Nani alishika jembe? Ni watoto wale wale. Walikombolewa, sawa, lakini hakuna aliyewauliza kama wanataka kulima, na utaratibu ulikuwa mkali. Wengine walitoroka. Mtu anaweza kumtetea Horner kwamba bila shamba wangekufa njaa, na ni kweli. Lakini kumtoa mtu mikononi mwa bwana mmoja halafu kumpangia saa zote za siku yake, huo ni uhuru wa aina gani? Mimi namheshimu sana padre huyu, na bado swali hilo naliona zito. Mgeni aliona minazi mizuri. Sijui, yaani, kama alimuuliza hata kijana mmoja jina lake.

Nalisema hili kwa sababu vijana wa hapa Kinampanda tunajiandaa kufungua bustani yetu kwa wageni. Huku Singida mvua ni ya msimu mmoja, kwa hiyo tumechimba makinga maji kufuata mteremko, tumefunika matuta kwa nyasi, na mboji tunaitengeneza kwa samadi na mabua ya alizeti. Mchicha na vitunguu vimestawi kweli. Wapo wanaotaka siku hiyo tuonyeshe matuta ya mbele tu, yale yanayopendeza kwenye picha.

Horner aliendelea kusonga bara. Mwaka 1877 alianzisha misheni ya Mhonda, nayo ikaanza na kulima. Afya ikamshinda, akarudi Ulaya, akafariki Cannes mwaka 1880 akiwa bado hajafikisha miaka 53. Mwenzake, Padre Etienne Baur, alibaki Bagamoyo, na barabara ya miembe ya misheni mpaka leo watu wanapita chini ya kivuli chake.

Kwetu tumekubaliana hivi: mgeni atapitishwa kwanza kwenye mashimo ya mboji, na kila tuta litaelezwa na yule anayelimwagilia, akianza kwa kutaja jina lake.