Jean-Martin Charcot: Tabibu wa Waliotetemeka

Jean-Martin Charcot alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, tarehe 29 Novemba 1825. Babake alikuwa fundi wa kuunda magari ya kukokotwa na farasi. Kijana huyu alikuwa mkimya na mpenda uchoraji, na jicho la mchoraji lilikuja kumfaa katika utabibu pengine kuliko kitabu chochote. Alihitimu udaktari mwaka 1853 kwa tasnifu iliyotofautisha jongo na baridi yabisi. Kutofautisha ndiko kulikokuwa kazi yake ya maisha.

Mwaka 1862 alikabidhiwa wodi katika hospitali ya Salpêtrière. Hapo awali palikuwa kiwanda cha baruti, kisha katika karne ya 17 pakageuzwa kuwa makao ya wanawake mafukara. Charcot alipofika, walikuwamo wapatao 5,000: vikongwe, waliopooza, wenye kifafa, wenye wazimu, na wengine ambao kosa lao lilikuwa kukosa jamaa wa kuwatunza. Daktari aliyetamani cheo hakupaona kuwa mahali pa kujijengea jina. Charcot alipaona. Kwingineko mgonjwa alilazwa siku chache akaondoka. Hapa aliweza kufuatiliwa miaka mingi, na alipofariki, ubongo na uti wake wa mgongo ukachunguzwa kwa hadubini. Kwa njia hiyo dalili zilizoonekana kitandani ziliunganishwa na dosari iliyojificha mwilini. Mbinu hii ilijenga taaluma ya magonjwa ya neva. Vilevile iliwategemea wanawake wasiokuwa na pengine pa kwenda, jambo ambalo wasifu wa Charcot aghalabu hulipita haraka.

Mfano bora wa kazi yake ni kutetemeka. Kabla yake, wagonjwa wengi waliotetemeka walitiwa katika fungu moja. Charcot aliitazama mikono yao. Baadhi walitetemeka mikono ikiwa imetulia mapajani. Wengine walitulia tuli mpaka walipoinyosha kushika kitu. Darasani aliwavisha kofia zenye manyoya marefu ili hata tetemeko dogo la kichwa lionekane na walioketi nyuma. Kundi la kwanza lilikuwa na ugonjwa ulioelezwa na Mwingereza James Parkinson mwaka 1817. La pili lilikuwa na skilerosisi, ambayo Charcot aliifafanua mwaka 1868. Ule wa kwanza ulikuwa na jina la Kilatini lenye maana ya kupooza kwa kutikisika. Charcot alilikataa. Wagonjwa hao hawakuwa wamepooza, nguvu zao zilidumu muda mrefu, na wapo wasiotetemeka kamwe. Alipendekeza uitwe kwa jina la Parkinson, na ndivyo uitwavyo hadi leo. Jina lake mwenyewe Wafaransa walilipa ugonjwa mwingine, ule unaoidhoofisha misuli hadi mgonjwa ashindwe kupumua, alioueleza kwa ukamilifu mwaka 1874.

Katika tiba alikuwa na machache ya kutoa. Wagonjwa walipomweleza kwamba safari ya gari moshi iliwapa nafuu, aliagiza kiti kilichotikiswa kwa mashine.

Mwaka 1882 alipewa uprofesa wa magonjwa ya neva, wa kwanza wa aina yake. Sigmund Freud alihudhuria mafunzo yake mwaka 1885 na 1886. Wakati huo Charcot alikuwa amezama katika histeria, akiwalaza wanawake usingizi wa kiini macho mbele ya hadhira. Hapo jicho lake lilimponza: wagonjwa walikuwa wamejifunza alichotarajia kukiona. Baada ya kifo chake, tarehe 16 Agosti 1893, mwanafunzi wake Joseph Babinski aliyapinga mafundisho hayo.

Sanamu yake ya shaba, iliyosimamishwa langoni pa Salpêtrière mwaka 1898, iliyeyushwa mwaka 1942 wakati wa utawala wa Wajerumani. Mchoro wa André Brouillet wa mwaka 1887 ungalipo. Ndani yake Charcot anafundisha, na Babinski amemshika Blanche Wittmann, aliyezimia mikononi mwake. Baadaye Wittmann aliajiriwa Salpêtrière. Alifanya kazi katika maabara yake ya picha, kisha ya eksirei, na mionzi ikamgharimu viungo vyake. Alifariki mwaka 1913.