Singer: jina kwenye cherehani, utajiri kwenye huduma



Msimu mmoja wa korosho baba mdogo alinunua mashine ya kupulizia salfa, mpya kabisa. Wiki ya pili ikagoma. Akarudi dukani, akaambiwa wao kazi yao ni kuuza tu, spea hawana, fundi hawana. Ubwiriunga nao haumsubiri mtu. Alichovuna mwaka ule hata sitaki kukitaja.

Tukitoka dukani tulipita barazani kwa fundi nguo. Anashona kwa Singer nyeusi ya miguu aliyoachiwa na mama yake. Spea anapata, na ikimsumbua yupo mtu mjini wa kuitengeneza. Nikajiuliza, huyu Singer alikuwa nani hasa? Nikaenda kusoma.

Isaac Merritt Singer alizaliwa Pittstown, jimbo la New York, Marekani, Oktoba 1811. Aliondoka nyumbani akiwa bado mtoto. Alijifunza ufundi wa mashine, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maigizo. Mwaka 1839 alipata hataza ya mashine ya kutobolea miamba, akaiuza dola 2,000, na hela yote ikaishia kwenye kikundi chake cha maigizo. Ndo alivyokuwa.

Mwaka 1850, kwenye karakana moja Boston, alikuta cherehani zinazoharibika kila mara. Akaunda ya kwake, sindano ikipanda na kushuka wima, na tarehe 12 Agosti 1851 akapata hataza. Wengi husema ndiye aliyevumbua cherehani. Si kweli. Elias Howe alikuwa na hataza tangu 1846, akamshtaki, na mwaka 1854 Singer akalazimika kumlipa. Mwaka 1856 wenye hataza wakubwa wakakubaliana kuziweka pamoja.

Kwa hiyo mashine nzuri walikuwa nayo wengi. Singer aliwashindaje? Hapa ndipo anaingia mshirika wake, mwanasheria Edward Clark. Cherehani iliuzwa zaidi ya dola 100, wakati familia ya kawaida Marekani ilipata kama dola 500 kwa mwaka mzima. Mwaka 1856 Clark akaleta utaratibu mpya: toa kidogo, beba mashine, iliyobaki lipa mwezi kwa mwezi. Mauzo yakapanda kutoka cherehani 883 mwaka 1855 hadi 2,564 mwaka 1856.

Sasa fikiria mwenyewe. Ukimkopesha mtu mashine ikafia mikononi mwake, atakulipa? Na asiyejua kushona ataendeleaje kulipa? Mwanzoni kampuni iliwauzia watu wengine haki ya kuuza kwenye maeneo yao. Baadaye ikaanza kuzinunua tena haki hizo na kufungua matawi yake yenyewe. Kwenye tawi alikuwepo dada wa kuonyesha wateja namna ya kushona, fundi wa matengenezo, muuzaji na mtu wa hesabu. Kiwanda kinaunda, tawi linamlea mteja.

Singer mwenyewe hakuwa mtu wa madaftari. Alizaa watoto zaidi ya 20 na wanawake kadhaa, na kashfa ilipolipuka mwaka 1860 akakimbilia Ulaya. Mwaka 1863 ubia wao ulivunjwa, ikaundwa Singer Manufacturing Company, naye akabaki na hisa zake. Alifariki Paignton, Uingereza, tarehe 23 Julai 1875, akiwa tajiri mkubwa. Clark akawa rais wa kampuni mwaka uliofuata.

Sisi watu wa kusini somo hili tulishalipata kwa njia chungu. Mradi wa karanga wa Waingereza, uliotuletea bandari ya Mtwara, ulianza mwaka 1947 kwa matrekta mengi yaliyokwisha tumika vitani. Yaliharibika kwa wingi, mafundi na spea havikutosha, na mwaka 1951 mradi ukafa. Sababu zilikuwa nyingi, ila hiyo ilikuwa mojawapo.

Kwa hiyo mdau, ukienda kununua mashine, kabla hujauliza bei uliza fundi wao yuko wapi na spea zinakaa wapi. Wakikuonyesha barabara ya Dar, ondoka. Baba mdogo sasa anauliza hivyo.

Wenzangu wa Newala, Tandahimba na Masasi, kwenu hali ikoje? Nawasilisha.